Zahanati Iliyohama Wilaya Bila Kusogea

Taarifa ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania, huanza kwa kituo kujitambulisha. Kabla ya idadi ya wagonjwa wa malaria, kabla ya mahudhurio ya wajawazito, kuna mistari michache juu ya karatasi: jina la kituo, wilaya, mkoa, mwezi, mwaka. Kiwe kituo cha mjini maeneo ya Cheyo, ndani ya Manispaa ya Tabora, au zahanati ya pembezoni kabisa kwenye mapori ya Kaliua, mwanzo ni huohuo. Muuguzi anaijaza mistari hiyo huku akili yake iko kwenye hesabu za kitabu cha 5 na cha 6, maana nani asiyejua yuko wilaya gani? Lakini ndani yake mna uamuzi mzito: mtoto, yaani kituo, ndiye anayemtaja mzazi, yaani wilaya. Ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya nayo ina orodha yake ya vituo, na orodha hiyo inatakiwa ikubaliane na vichwa vya fomu zote. Isipokubaliana, nani aaminiwe?

Swali hilo limewasumbua watengenezaji wa programu za kompyuta kwa miaka zaidi ya 50. Jibu lake lilipitia Oslo, Michigan na Australia kabla ya kufika kwenye njia ya zamani ya misafara, na huku ndiko lilikokutana na mtihani wake mgumu. Magharibi mwa Tanzania mipaka haijawahi kutulia.

Njia iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, iligawanyika. Tawi moja lilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, jingine magharibi kuelekea Ujiji. Kwenye tawi la magharibi, kujua uko chini ya nani lilikuwa suala la uhai. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora aliifunga njia hiyo, na Henry Stanley, aliyekuwa Kwihara katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini ndipo afike Ujiji. Mirambo aliwaweka watemi wengi chini ya mkono wake kutoka Urambo, bila daftari lolote la kuonyesha nani yumo na nani hayumo. Alifariki Desemba 1884, na baada ya miaka michache dola ile ikawa imesambaratika. Wakaja Wajerumani, mwaka 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora, kisha Waingereza wakaifanya makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Wote walichora ramani zao upya.

Uhuru haukukomesha kuchora. Mpanda, iliyokuwa ikitazama Tabora enzi za Jimbo la Magharibi, ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Rukwa mwaka 1974, na mwaka 2012 ikawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi. Mwaka huohuo wa 2012, ndani ya Tabora yenyewe, Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo. Zahanati za upande ule zililala Urambo zikaamka Kaliua. Bati lilikuwa lilelile, mwarobaini uani uleule, na wagonjwa walewale.

Sasa twende Oslo. Katika miaka ya 1960, kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norwei, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walibuni lugha ya Simula. Walitaka kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta: meli bandarini, wateja kwenye foleni, bidhaa kiwandani. Kila kitu kikawa objekti yenye sifa zake na kazi zake. Simula 67 ilikuja na klasi iliyoitwa SIMSET, iliyoshughulikia suala la nani yuko kwenye kundi gani. Kundi lina kichwa, na wanachama wake ni viungo. Kichwa kinamjua wa kwanza na wa mwisho. Kiungo kinamjua aliyemtangulia na anayemfuata. Na kiungo hakiwezi kuwa katika makundi mawili kwa wakati mmoja. Ukikiamuru kiingie kundi jipya, kwanza kinatolewa kule kilikokuwa, halafu ndipo kinaingizwa. Mwandishi wa programu anatoa amri moja, na ncha zote mbili zinarekebishwa pamoja. Ukitaka kujua namna sahihi ya kuihamisha zahanati kutoka Urambo kwenda Kaliua, ilikwishaandikwa mwaka 1967.

Tatizo ni kwamba objekti za Simula ziliishi muda wa programu kuwaka tu. Mashine ikizimwa, kila kitu kimekwenda. Mashirika makubwa yalitaka kumbukumbu inayodumu, na aliyeyafungulia njia ni Charles Bachman wa kampuni ya General Electric huko Marekani. Katika mfumo wake wa miaka ya 1960, rekodi zilifungwa kwa minyororo kwenye diski: mzazi anaelekeza kwa mtoto wa kwanza, mtoto wa kwanza kwa wa pili, na mnyororo unarudi kwa mzazi. Mzazi ndiye aliyeitwa mmiliki wa seti. Mwandishi wa programu alitembea kwenye minyororo hiyo hatua kwa hatua, na Bachman alijivunia hilo. Alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, mhadhara wake ulimwita mwandishi wa programu nahodha.

Edgar Codd wa IBM hakutaka unahodha. Katika makala yake ya 1970 alipendekeza data ikae kwenye majedwali, bila mshale wowote kati ya rekodi. Mstari wa zahanati uwe na safu moja yenye namba ya wilaya yake, basi. Ukitaka kujua zahanati iko wilaya gani, soma safu hiyo. Ukitaka kujua wilaya ina zahanati zipi, uliza jedwali lote: nani kati yenu ana namba hii? Orodha ya wilaya haikuandikwa popote. Inazaliwa pale unapouliza. Mwaka 1974 Codd na Bachman walikabiliana kwenye mdahalo Ann Arbor, Michigan, kila mmoja na watu wake. Miaka ya 1980 soko likatoa hukumu, na majedwali yakashinda.

Ushindi huo una maana kubwa kuliko unavyosimuliwa. Kwa Bachman, kalamu ya uhusiano ilikuwa kwa mzazi. Codd akaihamishia kwa mtoto, pale ilipokuwa tayari kwenye fomu za karatasi dunia nzima, na ambapo ingekuja kuwa kwenye fomu za MTUHA, ambayo wakati huo ilikuwa hata haijabuniwa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia, kwa sababu waandishi wa programu nao walikuwa wanahamia kwenye objekti: Smalltalk, C++, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Java. Ndani ya programu ya Java, wilaya inashika mkusanyiko wa zahanati zake, na kila zahanati inaishika wilaya yake. Ncha mbili hizo zinapendwa kwa sababu zinarahisisha kazi. Ukiwa na wilaya mkononi unapita kwenye vituo vyake, ukiwa na kituo unapanda hadi mkoani. Chini yake, kwenye kanzidata, kuna safu moja tu. Objekti mbili zikisema mambo tofauti, ipi iandikwe kwenye safu hiyo?

Toleo la pili la Enterprise JavaBeans, la kampuni ya Sun mwaka 2001, lilijibu kwa mtindo wa Oslo. Seva yenyewe iwe mlinzi. Mwandishi akiiongeza zahanati kwenye wilaya mpya, seva iiondoe kwenye wilaya ya zamani na kurekebisha ncha ya pili, yote kimyakimya. Kwa maoni yangu lilikuwa wazo zuri lililofungwa kwenye mzigo mbaya. Kila objekti ilidai faili kadhaa za maelezo, haikuweza kujaribiwa nje ya seva nzito, na kazi ya asubuhi moja ilimaliza wiki. Watu wakachoka. Mmoja wa waliochoka alikuwa Gavin King, wa Australia, ambaye mwaka huohuo wa 2001 alianza kuandika Hibernate.

Hibernate ilizifanya objekti za Java ziwe objekti za kawaida tena. Huna haja ya seva maalumu. Unaandika klasi zako, unaeleza kwenye faili ni sifa ipi inakwenda safu ipi, na Hibernate inakutungia SQL, yaani amri za kanzidata. Ilisambaa kama moto wa nyika. Lakini kumwondoa mlinzi kulikuwa na gharama yake. Wilaya ikiwa na orodha na zahanati ikiwa na wilaya, Hibernate haiwezi kujua kwamba hizo ni ncha mbili za kamba moja. Isipoambiwa itaziona kamba mbili, kila moja itatuma amri yake kwenye safu ileile, na kazi moja itafanywa mara mbili. Ndipo ikawekwa kanuni: mwandishi ataje upande mmoja kuwa kioo. Kwenye faili za Hibernate hilo huandikwa kwa neno inverse. Mwaka 2006, mawazo ya Hibernate yalipoingizwa kwenye utaratibu rasmi wa Java unaoitwa JPA, likaja mappedBy kwa kazi hiyohiyo. Upande wenye kioo unasomwa na hauandikwi. Upande wa pili, ule wenye safu, ndio ulioitwa mmiliki. Kwa hiyo cheo alichokuwa nacho mzazi wa Bachman kikawa cha mtoto, na wanafunzi wengi wa leo wanachanganyikiwa wakisikia kwamba mmiliki wa uhusiano kati ya wilaya na zahanati ni zahanati.

Hapo ndipo kosa linapoingia, na ni kosa lisilopiga kelele. Mwandishi anaifungua Kaliua, anaiongeza zahanati kwenye orodha ya watoto, anahifadhi. Hakuna onyo. Skrini inaonyesha zahanati iko Kaliua, na kweli iko, ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Programu ikiwashwa upya, zahanati imerudi Urambo. Ameandika juu ya kioo. Akifanya kinyume, yaani akibadilisha mzazi wa zahanati tu bila kugusa orodha, kanzidata itakuwa sahihi lakini orodha ya Urambo iliyokwishapakiwa bado itaihesabu. Ripoti itakayochapishwa dakika hiyohiyo itakuwa na zahanati Urambo wakati jedwali linasema Kaliua. Nimeona watu wazima wakigombana na kompyuta kwa jambo hili hadi jua likazama.

Mambo haya yalifikaje Tabora? Njia yake inarudi tena kwa Nygaard. Baada ya Simula, miaka ya mwanzo ya 1970, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, akidai kwamba wanaotumia kompyuta kazini wawe na sauti katika kuibuni. Katika mkondo huo wa Oslo, miaka ya 1990, Jørn Braa na wenzake walianzisha HISP nchini Afrika Kusini, mradi wa taarifa za afya uliolenga kuzipa wilaya uwezo wa kutumia takwimu zao wenyewe baada ya ubaguzi wa rangi. Programu yao ya kwanza, DHIS, ilikaa juu ya Microsoft Access. Kuanzia 2004, Chuo Kikuu cha Oslo kiliiandika upya kwa Java na Hibernate, ikaitwa DHIS2, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Kerala, India. Kenya iliiweka nchi nzima mtandaoni mwaka 2011. Tanzania, ambako HISP ilikuwa na mizizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifuata muda mfupi baadaye, mkoa kwa mkoa. Yaani mfumo ulikuwa ukisambazwa nchini katika miaka ileile ambayo Kaliua, Katavi, Geita, Simiyu na Njombe zilikuwa zinazaliwa.

DHIS2 ina klasi inayoitwa OrganisationUnit. Taifa ni OrganisationUnit, mkoa ni OrganisationUnit, halmashauri na zahanati vilevile. Wote ni ndugu wa jedwali moja. Kila mmoja ana safu ya parentid inayomtaja mzazi wake, isipokuwa taifa, ambalo liko juu ya wote. Kwenye faili la Hibernate, mkusanyiko wa watoto umewekewa inverse. Kalamu iko kwa mtoto. Na ndani ya klasi hiyo kuna kazi iitwayo updateParent, ambayo ukiisoma unamkumbuka Dahl: kama kuna mzazi wa zamani, mtoe mtoto kwenye orodha yake, weka mzazi mpya, mwingize mtoto kwenye orodha ya mzazi mpya. Mistari michache. Amri ya SIMSET imerudi, miaka arobaini baadaye, imeandikwa kwa mkono na mtu aliyejua kwamba hakuna mlinzi.

Kuwa na ncha mbili kunaleta taabu nyingine ambazo fomu ya karatasi haikuzijua. Iambie programu iiandike wilaya pamoja na vyote vilivyomo ili itumwe kwa kompyuta nyingine. Itaiandika zahanati; zahanati ina wilaya, basi itaiandika wilaya; wilaya ina zahanati; na kuendelea, mpaka kumbukumbu ijae na programu ianguke. DHIS2 inakata mzunguko huo kwa kumtaja mzazi kwa kitambulisho chake tu, herufi na tarakimu 11, bila kumwandika mwili mzima. Halafu kuna uzito. Mkoa ukifunguliwa, je, watoto, wajukuu na vitukuu vyake vyote vipakiwe? Hibernate huchelewesha upakiaji mpaka uguswe, na ukiugusa bila kujua, swali dogo linazaa maswali elfu kwa kanzidata. Ili kukwepa kupanda ngazi kila mara, DHIS2 imempa kila mmoja safu nyingine yenye nasaba yake nzima, vitambulisho vikipangwa kutoka taifa hadi kwake. Kwa hiyo wilaya ikihama mkoa, kama Mpanda ilivyohama Rukwa kwenda Katavi, haitoshi kubadilisha parentid ya wilaya. Nasaba ya kila zahanati iliyo chini yake lazima iandikwe upya. Kumbe nakala ya pili imeingia kupitia mlango wa nyuma, na nayo inatakiwa ilingane na ya kwanza.

Hata hayo yanatatulika. Lisilotatulika kirahisi ni wakati. Safu ya parentid ina nafasi ya mzazi mmoja, wa leo. Zahanati ikishahamishiwa Kaliua, taarifa zake zote zinahama nayo, zikiwemo za miaka ambayo Kaliua haikuwepo kama wilaya. Omba jedwali la wagonjwa wa malaria wa mwaka 2010 kwa wilaya, na Kaliua itakuwa na tarakimu. Urambo ya 2010 itaonekana ndogo kuliko ilivyoripotiwa mwaka ule kwa wizara, na mtu asiyeijua historia ya mkoa atatafuta sababu ya kitabibu ya pengo hilo. Kuna hoja ya kuutetea utaratibu huu: anayetaka kulinganisha Kaliua ya sasa na eneo hilohilo miaka ya nyuma anapata jibu safi. Lakini anayekagua ripoti za zamani haipati ile aliyosaini mtu.

Jirani zetu wa Eldoret walikutana na uhusiano wa aina nyingine na wakachagua tofauti. OpenMRS ilianza mwaka 2004, wakati Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walipofika Eldoret kusaidia mradi wa AMPATH, uliokuwa umezidiwa na rekodi za wagonjwa wa VVU. Nayo ni Java na Hibernate. Kwa tembeleo la kliniki na vipimo vilivyochukuliwa siku hiyo, walifuata kanuni ya kawaida: kila kipimo kinalitaja tembeleo lake, na tembeleo lina kioo. Lakini kwa uhusiano wa mtu na mtu, kama mama na mtoto katika huduma ya kuzuia maambukizi, hawakumpa kalamu mama wala mtoto. Kuna jedwali la peke yake, mstari mmoja kwa kila uhusiano, likiwa na mtu A, mtu B na aina ya uhusiano. Jedwali la aina lina safu mbili: A ni nani kwa B, na B ni nani kwa A. Mzazi huku, mwana kule, mstari uleule. Ni kama cheti cha ndoa: hakikai mwilini mwa mume wala mwa mke, kiko kwa msajili, na wote wawili husomwa humo. Na kwa kuwa uhusiano umekuwa kitu chenye mstari wake, umepewa pia tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

DHIS2 ingeweza kufanya hivyo kwa wilaya na mikoa. Haikufanya, na naelewa kwa nini: kila ripoti ingelazimika kuuliza "kwa ramani ya tarehe gani?", na jibu la haraka ambalo mganga wa wilaya analihitaji lingekuwa zito. Toleo la 2.37, la mwaka 2021, lilileta njia rasmi ya kugawa eneo moja kuwa mawili na kuunganisha mawili kuwa moja, pamoja na kuamua watoto na data viende upande gani. Imerahisisha kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mkono. Parentid imebaki moja.

Wanaotaka Urambo ya kabla ya 2012 wana njia ya kando ndani ya mfumo huohuo, nayo ni makundi ya vituo. Unaunda kundi, unaliita Urambo ya zamani, unaingiza zahanati zote zilizokuwa humo, na ripoti zinaweza kujumlishwa kwa kundi hilo badala ya wilaya. Kituo kimoja kinaruhusiwa kuwa katika makundi mengi kwa wakati mmoja, jambo ambalo SIMSET ingelikataa. Na kwenye faili la Hibernate la makundi hayo, inverse imewekwa upande wa kituo: kundi ndilo linaloandika wanachama wake, kwenye jedwali la tatu, na kituo kinasoma tu.